Barua Iliyopitia kwa Bwana Direkta

Goma, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha pareto, njia ya kwenda Sake.
Alasiri ya kuamkia safari.

Kwa Binti yangu Veneranda, aliyekubaliwa katika shule ya wakunga, Bukavu.

Yahusu: kosa la baba yako, pamoja na ombi moja linalongoja jibu.

Binti yangu mpendwa,

Mimi baba yako, niliyetia sahihi mwishoni mwa karatasi hizi, nakusalimu kwa heshima ipasayo mtu mzima, kwa kuwa kesho asubuhi meli itakapoacha bandari utakuwa mtu mzima mbele ya watu wasiokujua. Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kukuungamia jambo nililokuficha tangu ulipokuwa na miaka kumi na mmoja. Ya pili ni kukuomba uamuzi. Nimeyapanga kwa utaratibu huo kwa makusudi, kwa maana ningekuomba kwanza na kuungama baadaye, ningekuwa nimekudanganya mara ya pili.

Habari za maji ya kuchemsha, za masista na saa zao, za kutowakopesha wenzako nguo, mama yako amekwisha kukueleza na atakueleza tena njiani kwenda bandarini. Mimi sitaziongeza. Amepita nyuma yangu mara mbili sasa, akitafuta ungo. Mara ya pili akasimama.

“Papa Veneranda,” akasema, “mutoto ameenda tu Munigi kuaga shangazi yake, anarudi sasa hivi. Unamwandikia barua ya nini? Siku moja utaniomba chumvi kwa karatasi.”

Nikamjibu kwamba kuna maneno ambayo mdomo wangu huyakimbia, nayo karatasi huyakamata. Hakucheka. Aliisogeza meza karibu na mlango, mahali penye mwanga, akarudi kwenye maharagwe yake. Basi ujue kwamba mama yako anajua ninachokiandika, na kwamba hakunizuia.

Unamkumbuka Papa Batolomayo. Ndiye aliyekaa nyumba ya tatu kutoka nyumba yetu ya zamani, mtu mrefu wa milima ya Masisi, aliyekuwa akikuita “Madamu Inspekta” kwa sababu uliingia nyumbani mwake bila kubisha hodi na kufunua vyungu vya mke wake. Siku moja uliniuliza kwa nini nyumba ile ina watu wengine. Nilikujibu kwamba Papa Batolomayo amerudi kuangalia ng'ombe wake. Ulikubali, ukaenda kucheza. Jibu lile lilikuwa la uongo. Papa Batolomayo hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Alifukuzwa kazi na kutolewa katika kambi, yeye na wenzake kumi, na aliyewafukuzisha ni mimi, kwa barua niliyoiandika kwa mkono wangu ili kuwasaidia.

Naomba uniruhusu nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa.

Kabla hujazaliwa nilikuwa mfagiaji katika ofisi ya teritwari, yaani ofisi ya serikali ya hapa. Sikupata shule zaidi ya ile ya katekista, miaka miwili. Lakini kila siku katika pipa la takataka nilikuta barua zilizoharibika: moja ina wino uliomwagika, nyingine ina kosa katika mstari wa mwisho. Nilizinyoosha kwa kiganja, nikazipeleka nyumbani, nikazisoma mpaka nikajua jinsi mtu mwenye adabu anavyoanza, jinsi anavyotaja jambo lake, jinsi anavyojishusha bila kujidhalilisha. Hiyo ndiyo shule yangu, na sioni haya kuitaja. Katika barua zote zile, juu kabisa, chini ya jina la mpokeaji, palikuwa na mstari mmoja uliosema kwamba barua inapelekwa kwa kupitia kwa mkuu wa mwandishi. Karani alimwandikia Bwana Administrata, mkuu wa teritwari, kwa kupitia kwa karani mkuu. Bwana Administrata alimwandikia mkubwa wa Bukavu kwa kupitia kwa mkubwa wa distrikti. Nikadhani mstari ule ndio nguo ya barua, kwamba barua isiyo nao inatembea uchi. Hakuna aliyeniambia kwamba mstari ule ni wa watumishi wa serikali wanaoandikiana wao kwa wao. Ningemuuliza nani? Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu anayeulizwa.

Nilipohamia hapa kiwandani kama karani wa stoo, sifa ya kalamu yangu ilitangulia. Watu wa kambi walikuja na mambo yao: huyu anataka mtoto aandikwe shule, yule anataka ruhusa ya kumzika mama yake. Niliwaandikia wote, na mara nyingi walipata. Nilianza kuamini kwamba kinachofungua mlango ni namna nilivyopanga maneno.

Papa Batolomayo alifanya kazi katika chumba cha kusaga. Wewe umekiona kile chumba kwa nje tu. Maua ya pareto yakikauka na kusagwa, vumbi lake huingia kila mahali. Midomo hufa ganzi, macho huwaka, na kifua cha mtu huanza kupiga filimbi kama birika. Waliokuwa mle walitaka mambo mawili: vitambaa vya kufunika pua, na kupokezana, ili mtu asikae humo mwaka mzima. Walikwisha kumwomba kapita, msimamizi wao, kwa mdomo. Kapita aliwaambia kwamba vumbi la pareto linaua wadudu tu, kwa hiyo anayelalamika ajichunguze yeye ni kitu gani. Walicheka pamoja naye, kwa kuwa ndivyo watu hufanya mbele ya kapita, kisha wakaja kwangu.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Ilikuwa imebandikwa mbele ya ofisi ya teritwari, kwa Kifaransa, nyuma ya kioo. Nilikwenda Jumapili tatu mfululizo baada ya misa, nikainakili nikiwa nimesimama, kisha nikaifasiri nyumbani neno kwa neno. Ilisema kwamba wafanyakazi weusi wa kazi moja wanaruhusiwa kuanzisha chama chao, kile kinachoitwa sendika. Ilisema waanzilishi wapeleke majina yao kwa Bwana Administrata; kwamba yeye au mjumbe wake ataketi katika mikutano yao; na kwamba chama kikishakubaliwa kitakuwa na haki ya kusema mbele ya mwajiri. Haikuwa sheria pana. Ilikuwa kama mlango ambao mtu hupita akiwa ameinama. Hata hivyo ulikuwa mlango, na mimi niliwasomea watu wa chumba cha kusaga kila neno lake.

Wakakubali. Nikaandika. Veneranda, ilikuwa barua bora kuliko zote nilizopata kuandika maishani mwangu. Nilitaja sheria kwa heshima. Nilieleza vumbi bila kumlaumu mtu. Chini nilipanga majina kumi na moja, kila jina na alama ya dole gumba, na jina la Batolomayo likiwa la kwanza kwa sababu dole lake lilitoka safi kuliko yote. Langu halikuwamo. Nilisaini pembeni kama mwandishi tu, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa stoo, wala sikuwa na dai. Ndivyo nilivyojiambia. Na juu kabisa, chini ya jina la Bwana Administrata, nikaandika kwa herufi zilizonyooka: Kwa kupitia kwa Bwana Direkta wa Kiwanda.

Nikaipeleka kwa Bwana Direkta mwenyewe, kwa mikono miwili.

Siku ya tatu aliniita. Barua ilikuwa mezani pake. Aliisoma tena mbele yangu, taratibu, kisha akanionyesha kiti. Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka sita na sikuwahi kuketi katika ofisi ile. Akaniuliza nani alinifundisha kuandika hivi. Nikasema nilijifundisha. Akasema makarani wake wawili wenye diploma hawawezi kuandika ukurasa kama huu, na kwamba mtu kama mimi anapotea kule stoo. Hakuuliza habari za vumbi. Nami, binti yangu, sikumkumbusha. Nilikuwa nimekalia kile kiti, na masikio yangu yalikuwa yamejaa sifa.

Juma lililofuata waliitwa mmoja mmoja, kwa utaratibu ule ule wa orodha yangu. Batolomayo wa kwanza. Waliambiwa kwamba kiwanda kinapunguza watu. Katika buku ya kazi ya kila mmoja paliandikwa maneno machache ambayo mwajiri mwingine akiyasoma hukurudishia buku bila kukutazama. Siku hiyo hiyo wakaambiwa waache nyumba.

Nilikimbilia ofisi ya teritwari. Karani aliyekuwapo alinijua tangu nilipokuwa nikifagia chini ya meza yake. Alifungua daftari la barua zilizopokelewa, akashuka nalo kwa kidole, akageuza ukurasa, akashuka tena.

“Haiko hapa,” akasema. “Hakuna barua ya sendika. Hakuna sendika. Hawa ni watu wamepunguzwa kazi, ni kila siku.”

Nilimwambia kwamba barua ilipitia kwa Bwana Direkta. Akaninyanyulia macho.

“Na nani alikutuma kuipitisha kule?”

Nilirudi kwenye ile karatasi nyuma ya kioo. Niliisoma yote, nikitafuta mahali ilipoandikwa kwamba ombi la wafanyakazi lipitie kwa mwajiri wao. Hapakuwapo. Mstari ule niliuongeza mimi, kwa sababu ulikuwa mzuri. Sheria ilikuwa na kinga kidogo kwa watu waliokwisha kufika mbele yake, na watu wangu hawakufika. Kwa macho ya sheria hawakuwa wameomba kitu chochote. Niliwavua nguo nikidhani ninaivika barua.

Mwezi uliofuata nikafanywa karani wa ofisi. Unakumbuka tulivyohamia nyumba hii yenye sakafu ya saruji, na jinsi ulivyolala chini siku ya kwanza kwa sababu ni baridi na laini. Nilikubali kazi ile. Sitakuambia kwamba nililazimishwa. Nilijiambia kwamba nikiwa ofisini nitawasaidia walio katika chumba cha kusaga, na nilirudia maneno hayo miaka mingi bila kutimiza hata moja. Na mwaka huu, shule ya Bukavu ilipotaka barua ya tabia njema kutoka kwa mwajiri wa mzazi, Bwana Direkta aliiandika mara moja, akaniambia, akitabasamu, kwamba hii hawezi kuniachia niiandike mwenyewe. Sikufichi chochote: barua inayokupeleka Bukavu imetoka katika kiti kile nilichokalia.

Hilo silisemi ili uione shule yako ina doa. Nafasi ile uliipata kwa mtihani wako, na mikono yako ni mizuri kwa kazi ile. Shangazi yako amesema hivyo tangu ulipomsaidia kujifungua. Nalisema kwa sababu utakaa miaka miwili ukimshukuru mtu, na ni haki yako kujua unamshukuru kwa lipi.

Pasaka iliyopita nilikwenda Masisi. Nilimwambia mama yako ukweli na wewe nikakuambia ninakwenda kununua maharagwe. Nilimkuta Papa Batolomayo amekaa juu ya gogo la mti aliouangusha mwenyewe, anachonga mpini wa jembe la mtu mwingine. Kifua chake kilipiga filimbi kabla hajasema. Nilikuwa nimetayarisha hotuba ya kuomba msamaha, yenye utangulizi na sehemu tatu. Alinisikiliza mpaka sehemu ya pili.

“Wacha kwanza, Papa Gaspari,” akasema. “Ile barua yako ilikuwa muzuri. Ata mukubwa aliipenda. Shida yake ni ile tu.”

Mke wake alicheka ndani ya nyumba. Mimi nikatazama chini. Batolomayo akaendelea kuchonga, kisha akasema kwamba jambo linalomrudia akilini si kiti wala kazi niliyopewa, maana hata yeye angekaa. Maneno yake yaliyobaki nakuandikia kama alivyoyasema, kwa kuwa nimeshindwa kuyapanga vizuri zaidi.

“Ulitusomea majina yetu mara mbili, kusudi yasikosewe. Lakini haukutuambia barua itapita wapi. Haukutuuliza. Kama ungetuuliza, mimi mujinga wa kusaga pareto ningekuambia: kwa Direkta, hapana.”

Nimeitafakari kauli hiyo tangu Pasaka. Nilijua kuandika, wao walijua Bwana Direkta, na mimi sikudhani kwamba ujuzi wao ni ujuzi. Utakutana na jambo hili kule uendako. Utakuwa na daftari, na mbele yako atakuwa mwanamke asiyejua kusoma, mwenye maumivu, na utadhani kwamba wewe ndiye unayejua. Mimi sina la kukufundisha kuhusu uzazi. Najua tu jinsi mtu anavyopendeza machoni pake mwenyewe akishika kalamu.

Sasa naja kwenye sababu ya pili ya barua hii.

Nyuma ya kioo kile kile pamebandikwa sheria mpya. Nimeinakili pia, safari hii pamoja na vijana wawili wa chumba cha kusaga, mmoja akisoma na mwingine akinisahihisha, jambo ambalo halikunifurahisha siku ya kwanza. Sheria hii ni pana zaidi. Wafanyakazi wanaweza kuunda chama chao bila mkubwa kuketi kati yao, na mwajiri amekatazwa kumwondoa mtu kazini kwa sababu ya chama. Katiba yao na majina ya viongozi wao hupelekwa ofisini, na siku karatasi zinapopokelewa na kupigwa muhuri ndipo wanapoanza kuwa chini ya sheria. Kabla ya muhuri, wao wako kama walivyokuwa wale kumi na mmoja.

Karatasi zetu ziko tayari. Jina la kwanza safari hii ni langu, si pembeni, na nimetia dole gumba ingawa najua kusaini, kwa sababu wenzangu wote walitia dole. Zinatakiwa kufika Bukavu, katika ofisi ya Mkaguzi wa Kazi, mkononi. Posta ya hapa hatuiamini; anayepokea barua dirishani ni shemeji yake kapita. Mimi siwezi kusafiri bila kibali cha Bwana Direkta, na katika kibali huandikwa sababu ya safari. Nikiandika uongo, chama chetu kitaanza na uongo. Nikiandika ukweli, nitakuwa nimepitisha barua kwake kwa mara ya pili.

Katika mkutano wetu kijana mmoja alisema, “Si mutoto wa Papa Gaspari anaenda na meli? Atie tu ndani ya sanduku.” Wote walikubali mara moja, na mimi nikafurahi, na kalamu ilikuwa tayari mkononi mwangu. Kisha nikamkumbuka Batolomayo. Nikawaambia kwamba anayebeba aulizwe kwanza, na aambiwe yote. Yule kijana akasema kwamba ukikataa tutangoja mkono mwingine, na hakuna atakayekutaja vibaya. Wamenipa neno lao, nami nakupa langu.

Sasa uambiwe yote. Pale ofisini anayekabidhi karatasi huandika jina lake katika daftari, na jina hilo huonekana katika stakabadhi. Kiwanda kitaarifiwa kwamba chama kimeandikishwa, na Bwana Direkta akitaka kujua ni nani aliyefikisha, atajua. Sheria inamlinda mfanyakazi. Sikuona mahali inapomtaja binti wa mfanyakazi aliye shuleni kwa barua ya mwajiri. Nimeisoma mara nne nikitafuta. Anaweza kuiandikia shule barua ya pili. Sijui kama atafanya hivyo. Amekuwa mtu wa adabu kwetu, na watu kumi na mmoja nao aliwafukuza kwa adabu.

Ukikataa, watu wa chumba cha kusaga watazidi kungoja, na vumbi halingoji. Nimeona ni haki kulitaja hilo pia, lakini sitalitia uzito zaidi, kwa kuwa najua jinsi ninavyoweza kulipamba nikijiachia.

Bahasha iko juu ya meza, chini ya pasi ya mkaa. Haina jina lako popote. Usinijibu kwa mdomo, kwa maana uso wangu utakuomba bila idhini yangu. Ukiichukua, itie kati ya nguo zako, na ofisi iko katika barabara ipandayo kutoka bandarini. Kila mtu atakuonyesha. Ukiiacha mahali pake, nitaiondoa mwenyewe baada ya meli kuondoka, na kabla ya hapo nitakuwa nimelibeba sanduku lako mpaka bandarini, nikitembea kama ninavyotembea siku zote, na hutaona katika mgongo wangu kama ninajua ulichoamua.

Nasikia sauti yako njiani, unasalimiana na watu wa nyumba iliyokuwa ya Papa Batolomayo. Namalizia.

Naomba uamuzi wako.

Baba yako,
Gaspari